MGUU ULIOVIMBA KWA MUDA MREFU: KUITAMBUA NGOZI YAKE KWA KIOO CHA DERMOSKOPI

Maradhi ya matende yanafahamika Unguja na Pemba tangu enzi za mababu. Aghalabu mtu anapoonekana ana mguu uliovimba kwa miaka mingi, ngozi yake ikawa nene, ngumu na yenye vinundu, watu wa nyumbani na majirani husema kuwa hayo ni matende, na maneno huishia hapo. Hata kinapotokea kidonda kipya au doa jeusi juu ya mguu huo, huambiwa kuwa ni matende yaleyale yanayoendelea. Jina la maradhi hugeuka pazia, na kilicho nyuma ya pazia hakitazamwi tena.

Makala haya yanakusudia kuwaeleza wananchi na watumishi wa Serikali jambo moja, nalo ni kwamba ngozi ya mguu uliovimba huweza kubeba maradhi zaidi ya moja kwa wakati mmoja, na kwamba kipo kifaa kidogo, kinachoshikwa kwa mkono, kinachomsaidia mhudumu wa afya kupambanua mabadiliko yaletwayo na uvimbe wenyewe na yale yanayotoka kwingine. Kifaa hicho huitwa dermoskopi.

ASILI YA UVIMBE

Mwili wa binadamu una mishipa ya damu, na una pia mishipa mingine myembamba ambayo kazi yake ni kukusanya majimaji yanayobaki katika nyama na kuyarejesha katika damu. Majimaji hayo huitwa limfu, na hupita katika tezi kama zile za kinena na za makwapa, ambazo zikivimba watu husema wameota mitoki. Mishipa hiyo ikiharibika au ikiziba, majimaji hukosa njia. Hujikusanya chini ya ngozi, na kwa kuwa aghalabu hujikusanya miguuni, mguu huvimba.

Hapa visiwani sababu iliyo mashuhuri ni minyoo myembamba mfano wa uzi, iitwayo kitaalamu Wuchereria bancrofti, ambayo huenezwa na mbu. Mbu mwenye jukumu kubwa katika miji na vijiji vyetu ni yule wa Culex, anayezaliana katika maji machafu ya vyoo vya shimo na makaro. Minyoo iliyokomaa hukaa ndani ya mishipa ya limfu kwa miaka, na watoto wake hutoka katika damu nyakati za usiku, wakati mbu huyo anapouma. Kwa hivyo si kweli kwamba matende huletwa na uchawi, wala mabusha hayaletwi na kunywa madafu, kama inavyosemwa na baadhi ya watu wa mwambao.

Zanzibar imepigana na maradhi haya kwa muda mrefu. Mwaka 1988 katika mji wa Makunduchi, watu waligawiwa dawa na wakati huohuo vyoo vya shimo vyenye maji vilimwagiwa punje nyepesi za polistairini zinazoelea, ili mbu wasipate nafasi ya kutaga mayai wala viluwiluwi wao kuvuta pumzi. Idadi ya mbu ilipungua sana, na kazi hiyo inatajwa hadi leo katika vitabu vya elimu ya mbu duniani. Mwaka 1997 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuyaondosha matende, na mpango wa dunia ukaanzishwa mwaka 2000, wakati ambapo ilikisiwa kuwa watu milioni 120 wameambukizwa na kiasi cha milioni 40 miongoni mwao wana ulemavu. Mwaka 2001 Zanzibar ilianza kuwagawia wananchi wote wanaostahiki vidonge vya ivermektini na albendazoli kila mwaka. Ugawaji ulisitishwa mwaka 2006, na uchunguzi uliofanyika baadaye ulipoonesha kuwa maambukizi hayajakatika, ulirejewa tena.

Inafaa ifahamike kuwa mpango huo wa dunia una nguzo mbili. Ya kwanza ni kukata maambukizi kwa dawa. Ya pili ni kuwatunza wale ambao mishipa yao imekwisha kuharibika. Kidonge huua watoto wa minyoo waliomo katika damu, lakini hakiurejeshi mguu katika hali yake ya mwanzo. Aidha, mtu mwenye matende ya miaka mingi akipimwa damu huenda asionekane na mdudu hata mmoja, kwa vile minyoo imekwisha kufa na kuacha mishipa iliyoharibika. Mtu huyo ndiye anayehusika na nguzo ya pili, na ndiye anayehusika na makala haya.

Si kila mguu uliovimba kwa muda mrefu ni wa minyoo. Katika nyanda za juu zenye udongo mwekundu wa volkano, kama vile Ethiopia na baadhi ya sehemu za Uganda na Kenya, wapo wanaovimba miguu kwa sababu ya kutembea peku juu ya udongo huo kwa miaka mingi. Wapo wanaovimba mkono baada ya kuondolewa titi na tezi za kwapa kwa ajili ya saratani. Wapo ambao mishipa yao ya damu ya miguuni imelegea, na wapo ambao maradhi ya moyo au figo ndiyo chanzo. Kwa hivyo swali la kwanza mbele ya mguu uliovimba ni kutafuta sababu yake.

NGOZI INAVYOBADILIKA

Mtaalamu wa Brazil, Gerusa Dreyer, pamoja na wenzake, waliugawa uvimbe wa matende katika daraja 7, na mgawanyo huo unatumika katika nchi nyingi. Katika daraja la kwanza uvimbe huonekana mchana na hutoweka mtu anapolala usiku. Katika la pili hautoweki tena. Katika la tatu hutokea mikunjo isiyo na kina, na katika la nne vinundu. Katika la tano mikunjo huwa ya kina kirefu. Katika la sita huota vijinyama vidogovidogo vilivyosongamana, hasa juu ya vidole, mfano wa uoto unaofunika ukuta wa zamani wenye unyevu. Katika la saba mgonjwa hushindwa kufanya shughuli zake za kila siku bila ya msaada.

Sababu ya mabadiliko haya ni kwamba majimaji ya limfu yana protini nyingi. Yakituama, nyama iliyo chini ya ngozi huanza kujenga nyuzi ngumu, na ngozi ya juu nayo hunenepa na kutoa magamba. Ipo njia nyepesi ya kuijaribu hali hiyo bila ya kifaa. Ikishindikana kuinyanyua kwa vidole viwili ngozi iliyo juu ya shina la kidole cha pili cha mguu, kinachofuata kidole gumba, hiyo ni dalili ya uvimbe wa limfu. Dalili hii inajulikana kwa jina la Stemmer, aliyeieleza mwaka 1976. Hata hivyo, ikiwa ngozi inanyanyuka bado haijathibitika kwamba mguu ni mzima, khasa katika siku za mwanzo.

Ngozi ya namna hii ni dhaifu ingawa inaonekana nene. Kati ya vidole hubaki unyevu, fangasi huota, ngozi hupasuka, na bakteria huingia kwa kupitia nyufa hizo. Mguu hapo huwaka moto na kuuma, mitoki ya kinena huvimba, na mgonjwa hushikwa na homa na mtetemeko. Kila shambulio la aina hii huharibu mishipa zaidi, na ndilo linalousukuma mguu kutoka daraja moja kwenda jengine.

DERMOSKOPI NI KITU GANI

Atakayekiona kifaa hiki kwa mara ya kwanza huenda akakumbuka kioo cha sonara anayetazama pete. Ni lenzi inayokuza kitu mara 10 hivi, iliyozungukwa na taa ndogo. Tofauti yake na kioo cha kawaida ni kwamba kinaondoa mng'ao wa ngozi. Ngozi ikimulikwa, sehemu kubwa ya mwangaza hurudishwa na magamba ya juu, na jicho halioni kilichopo chini yake. Dermoskopi huvunja mng'ao huo kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kupaka ngozi mafuta, spiriti au jeli kisha kuigusisha lenzi. Njia ya pili ni kutumia mwangaza uliochujwa kwa vioo maalumu, ambao hauhitaji lenzi kugusa ngozi. Kwa njia zote mbili mtazamaji huona tabaka za juu za ngozi, rangi zake na mishipa yake midogo ya damu, bila ya kukata wala kuchoma sindano.

Elimu hii si mpya. Neno lenyewe lilitumiwa na daktari Johann Saphier wa Ujerumani katika miaka ya 1920. Kwa muda mrefu vyombo vyake vilikuwa vikubwa na vya gharama, hadi vilipotengenezwa vya kushikwa mkononi katika miaka ya 1980. Mwanzoni madaktari wa Ulaya walivitumia zaidi kuchunguza madoa meusi yanayohofiwa kuwa saratani. Baadaye matumizi yakapanuka hadi kwenye fangasi, upele, funza, chunjua na maradhi mengine ya ngozi. Hivi leo kifaa hiki huweza kuunganishwa na simu ya mkononi, na picha ikapelekwa kwa bingwa aliye mbali.

Katika Tanzania mafunzo ya maradhi ya ngozi yana kituo chake mashuhuri katika hospitali ya KCMC, Moshi, kilichoanza kazi mwaka 1992 kwa ajili ya kuwafunza wahudumu wa afya kutoka nchi nyingi za Afrika. Kituo cha aina hiyo kilihitajika kwa sababu mabingwa wa ngozi ni wachache, na wagonjwa wengi huonwa kwanza na waganga wasaidizi na wauguzi wa vituo vya karibu. Kifaa kidogo cha mkononi kinamfaa mhudumu wa namna hiyo, pindi akiwa amefunzwa kukitumia.

UCHUNGUZI UNAVYOFANYWA

Mhudumu haanzi na kioo. Huanza kwa kumsikiliza mgonjwa. Mathalan, mzee mkaazi wa Bububu ambaye mguu wake umevimba kwa miaka 20 anafika kituoni. Baada ya shikamoo na marahaba huulizwa: "Babu, uvimbe ulianza lini? Umewahi kupata homa ya mguu? Kijinyama hiki kilikuwepo mwaka jana, au ni kipya?" Suali la mwisho lina uzito kuliko yote, kwa sababu uvimbe wa matende hubadilika polepole, na kitu kinachokua kwa wiki chache kinahitaji kutiliwa shaka.

Kisha mguu huoshwa na kukaushwa, kwani uchafu na magamba yaliyolegea huficha yaliyomo. Mhudumu hutazama kwa macho na kupapasa kwa mkono, ndipo huchukua dermoskopi. Hachunguzi sehemu moja tu. Huangalia juu ya vidole, kati ya vidole, ndani ya mikunjo, unyayoni, na kila mahali palipo tofauti na pengine. Lenzi haikandamizwi kwa nguvu, kwa sababu mishipa midogo ya damu ikibanwa hutoweka machoni. Ikiwa ngozi inatoa majimaji au ina kidonda, hutumika mwangaza uliochujwa bila ya kugusa, au lenzi hufunikwa kwa karatasi safi ya plastiki inayoonesha. Baada ya kila mgonjwa lenzi husafishwa kwa spiriti, ili kifaa cha kutafuta maradhi kisiwe njia ya kuyahamisha.

Wataalamu wa dermoskopi wamekubaliana kuwa katika maradhi ya ngozi yasiyokuwa vivimbe vya saratani mambo matano ndiyo yatazamwe: mishipa ya damu na mpangilio wake, magamba na rangi yake, vitundu vya malaika, rangi na maumbo mengineyo, na mwisho alama mahsusi za maradhi fulani.

Jambo moja linahitaji kusisitizwa kwa watu wetu. Picha nyingi katika vitabu vya fani hii zimepigwa juu ya ngozi nyeupe. Juu ya ngozi nyeusi wekundu hauonekani waziwazi, na mishipa ya damu ni migumu kuitambua, wakati rangi ya kahawia na ya kijivu hutawala. Ngozi iliyowahi kuungua kwa homa ya mguu huacha vidoadoa vya kahawia ambavyo asiyezoea huweza kuviogopa bure. Kinyume chake, kitu chenye rangi ya zambarau juu ya ngozi nyeupe huonekana kwa macho kama doa jeusi tu juu ya ngozi yetu. Mhudumu aliyejifunza kwa picha za watu weupe peke yake hana budi kujifunza upya kwa wagonjwa wa hapa.

YANAYOONEKANA KATIKA MGUU WA MATENDE

Taarifa za kitaalamu zilizochapishwa kuhusu dermoskopi katika uvimbe sugu wa limfu ni chache, na nyingi ni za mgonjwa mmoja mmoja. Hata hivyo zipo alama zinazoelezeka. Ngozi iliyonenepa huonekana na vitundu vya malaika vilivyopanuka, mfano wa ganda la chungwa. Palipo na vijinyama vilivyosongamana, kioo huonesha vilima vya mviringo vilivyopangana, na baina yake mifereji iliyojaa magamba ya njano au kahawia. Aliyewahi kulitazama topetope kwa karibu ataielewa sura hiyo.

Juu ya ngozi hiyo mara nyingine hutokea malengelenge madogo ambayo mgonjwa huyadhania kuwa ni vipele vya joto. Chini ya kioo huonekana ni vifuko vyenye majimaji ya njano hafifu, vilivyotengwa na kuta nyeupe. Hiyo ni limfu iliyokosa njia na kupanda juu. Ikiwa damu kidogo imechanganyika nayo, hutuama chini ya kifuko, na kifuko kikawa na rangi mbili, nyeusi au nyekundu chini na njano juu, kama sharubati iliyoachwa katika gilasi. Mhudumu anayezijua alama hizi hawezi kuyapasua malengelenge hayo kwa sindano akidhani ni majipu. Anajua kwamba limfu itaendelea kuvuja, na kwamba mlango mpya wa bakteria utakuwa umefunguliwa.

YANAYOWEZA KUJIFICHA HUMO

Faida kubwa ya dermoskopi imo katika kuyaona mambo ambayo si matende. Ya kwanza ni chunjua. Kwa macho chunjua na vijinyama vya matende hufanana, lakini chini ya kioo chunjua aghalabu huonesha vidoa vyekundu au vyeusi katikati ya kila kilima, navyo ni mishipa midogo ya damu iliyoziba.

Ya pili ni fangasi wa udongo anayeingia kwa mwiba au jeraha na kuotesha vinundu vikavu vyenye magamba. Maradhi haya huwapata wakulima wanaotembea peku, na Madagaska ni miongoni mwa nchi zenye wagonjwa wengi. Kioo huonesha vidoadoa vyekundu vinavyokaribia weusi juu ya ngozi ya njano. Maabara huthibitisha, na dawa ya fangasi hutumika kwa muda mrefu. Mgonjwa wa aina hii akiitwa wa matende, hatapata dawa inayomfaa.

Ya tatu ni saratani ya Kaposi, ambayo si ngeni katika Afrika ya Mashariki, nayo inahusiana sana na virusi vya ukimwi, ingawa huweza kumpata asiye navyo. Saratani hii hutoa madoa na vinundu miguuni, na yenyewe huweza kuziba njia za limfu na kuuvimbisha mguu. Kwa hiyo mtu huweza kuonekana ana matende ilhali chanzo ni saratani. Chini ya mwangaza uliochujwa, vinundu vyake huonesha rangi ya zambarau na buluu, na mara nyingine rangi nyingi kwa pamoja mfano wa upinde wa mvua. Alama hiyo si yake peke yake, lakini inatosha kumfanya mhudumu aagize vipimo.

Ya nne ni saratani inayoota katika kidonda kilichokaa miaka bila ya kupona. Ukingo wa kidonda huinuka, nyama hutoka damu kwa kuguswa, na kioo huonesha sehemu nyeupe zisizo na umbo na vipande vya magamba magumu. Ya tano ni saratani adimu ya mishipa iliyoelezwa na Stewart na Treves mwaka 1948 kwa akina mama waliovimba mikono baada ya kuondolewa matiti. Huanza kama alama ya kuvilia damu, huenea haraka na ni ya hatari. Ya sita ni saratani ya madoa meusi, ambayo kwa watu weusi hupenda kukaa unyayoni na chini ya kucha, mahali ambapo mtu mwenye mguu mzito ni nadra kujitazama. Dermoskopi inasaidia sana hapo, kwa sababu huonesha iwapo rangi imefuata mifereji ya ngozi ya unyayo, jambo ambalo kwa kawaida ni salama, au imefuata matuta, jambo ambalo ni la kuogopwa.

MIPAKA YA KIFAA

Ni wajibu pia kueleza ambayo dermoskopi haiwezi. Haioni minyoo. Haioni mishipa ya limfu iliyo ndani, kwani macho yake hayavuki tabaka za juu za ngozi. Kwa minyoo hupimwa damu, na tangu mwaka 1994, ilipoandikwa taarifa ya watafiti wa Brazil, imejulikana kuwa kipimo cha altrasaundi huweza kuwaonesha minyoo hai wakicheza ndani ya mishipa. Aidha, magamba yakiwa mazito mno kioo huona magamba tu.

Muhimu zaidi, dermoskopi haitoi hukumu ya mwisho juu ya saratani. Kazi yake ni kumwambia mhudumu ni mahali gani pakatwe kinyama kwa ajili ya maabara. Katika mguu wenye vinundu mia moja, kukata kinundu kisichohusika ni kumtia mgonjwa kidonda bure na kumrejesha nyumbani na jibu la uongo. Na kukata ovyo katika mguu wa matende si jambo dogo, kwa kuwa ngozi hiyo hupona kwa taabu. Kwa sababu hiyo thamani ya kioo ni kupunguza visu visivyo vya lazima na kuharakisha kile kilicho cha lazima. Na pale ambapo kifaa hakipo, macho makini, masuali mazuri na rufaa ya mapema bado hufanya kazi kubwa.

UTUNZAJI WA KILA SIKU

Hakuna uchunguzi unaochukua nafasi ya maji na sabuni. Bububu inajulikana kwa chemchem zake, ambazo maji yake yalipelekwa mjini kwa mifereji tangu enzi za Sultan Barghash, na mgonjwa wa matende hahitaji maji mengine zaidi ya maji safi ya kawaida. Mguu uoshwe kila siku kwa sabuni isiyo kali, kwa mkono au kitambaa laini, kuanzia juu hadi kati ya vidole na ndani ya mikunjo yote. Kisha ukaushwe kwa kupanguswa taratibu, bila ya kusuguliwa.

Anayetawadha kwa ajili ya sala huosha miguu yake mara kadhaa kwa siku, na hiyo ni faida. Lakini unyevu ukiachwa kati ya vidole mara tano kwa siku, fangasi hupata makaazi. Inafaa kuwepo kitambaa safi cha kukaushia, kiwe cha mtu huyo peke yake na kifuliwe kila siku. Palipo na fangasi patiwe dawa ya kupaka kwa ushauri wa kituo. Mguu uinuliwe wakati wa kukaa na kulala, vidole na kifundo vichezeshwe mara kwa mara, na vivaliwe viatu vipana visivyobana. Wakati wa homa ya mguu mazoezi yasitishwe, mguu upozwe kwa maji na mgonjwa apelekwe kituoni.

Vijinyama visikatwe kwa wembe, visisuguliwe kwa jiwe na visichomwe kwa dawa kali. Mguu usichanjwe. Kila chale ni mlango wa bakteria.

WAJIBU WA WANANCHI NA WATUMISHI

Mgonjwa au jamaa yake anashauriwa kufika kituo cha afya bila ya kuchelewa iwapo ataona lolote kati ya haya: kinundu au doa jipya linalokua kwa wiki au miezi, kidonda kisichopona, nyama inayotoka damu kwa kuguswa, alama ya zambarau au nyeusi ambayo haikuwepo, maumivu mapya mahali palipokuwa hapaumi, au uvimbe uliozidi ghafla. Asiseme, wala asiambiwe, kwamba ni matende tu.

Wakuu wa idara na walimu wakuu wa skuli wanaombwa wakumbuke kwamba mfanyakazi mwenye mguu uliovimba, akikaa mezani kutwa nzima miguu ikining'inia, hali yake huzidi. Kigoda cha kuinulia mguu na ruhusa ya kwenda kuchunguzwa ni mambo madogo yanayomfanya aendelee kulitumikia taifa lake. Masheha nao wanawajua watu wa shehia zao, na wanawajua wale ambao hawatoki tena majumbani kwa kuona haya. Watu hao ndio wanaohitaji zaidi kufikiwa, kwa sababu mguu unaofichwa chini ya kanga au kanzu hautazamwi na mtu yeyote, awe na kioo au asiwe nacho. Anayepanda daladala namba 502 kutoka Bububu kwenda mjini huku mguu wake ukitazamwa na abiria wote anahitaji kupishwa mahali pa kukaa, si kunong'onezwa.

Mguu wa matende ya miaka mingi huenda usirejee kuwa kama ulivyokuwa. Lakini homa zake zinaweza kupungua, harufu yake ikaondoka, vidonda vyake vikafunga, na mwenye nao akarudi shambani, sokoni, ofisini na msikitini. Na kama ndani yake kimejificha kitu kingine, kikionekana mapema mgonjwa hupata nafasi ya kutibiwa. Kwa hivyo wananchi wenye uvimbe wa muda mrefu wanahimizwa kufika katika vituo vya afya vilivyo karibu nao, hata kama walikwisha kuambiwa zamani kuwa wana matende, ili miguu yao itazamwe upya.